Picha za Vugiri na Sauti Zake

Tunapochunguza historia ya sanaa katika mkoa wa Tanga, hatuna budi kuikumbuka Vugiri, katika milima ya Usambara. Hapo, kati ya mwaka 1935 na 1937, palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu fupi kwa ajili ya Waafrika. Ulianzishwa na Baraza la Kimataifa la Misioni kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, ukasimamiwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa, nyingi zikihusu kilimo, afya, kodi na akiba ya posta.

Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maneno na muziki vilitiwa katika sahani za santuri zilizopigwa sambamba na filamu. Kwa kubadili sahani tu, picha ile ile iliweza kusema Kiswahili hapa na lugha nyingine Uganda au Nyasaland. Lakini filamu ikikatika na kuungwa, picha hupungua na sahani haipungui. Mdomo hufumba, maneno yakaendelea.

Udhaifu mkubwa zaidi haukuwa wa mitambo. Waafrika waliigiza, lakini la kusemwa liliamuliwa na wageni. Basi mwigizaji alifanana na kikaragosi: mwili wake, sauti ya kuazimwa. Serikali za kikoloni zilipokosa kuugharimia mradi mwaka 1937, ulikoma.

Twaweza kujifunza nini? Zipo filamu ambazo waigizaji wake ni vikaragosi hasa, vya mti na matambara. Kikaragosi husogezwa kidogo, hupigwa picha, kisha husogezwa tena. Picha 24 hufanya sekunde moja. Dakika moja hudai picha 1,440. Kazi hii yataka subira kuliko mali, na Tanga haikosi mafundi wa kuchonga na kushona, wala ngano za sungura na fisi. Kwa upande wa muziki, huu ndio mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star.

Kikaragosi hakina ulimi; husema lile alilotiwa na mwenye kukitengeneza. Kwa hiyo mwalimu awaonyeshapo wanafunzi filamu yoyote, na awaulize kwanza: maneno haya yametungwa na nani, na kwa faida ya nani?