Gavana na Nahodha

Mwaka jana, kaskazi ilipokuwa inakaribia kukata, mpwa wangu aliyeko Maskati alinipigia simu kuniambia kuwa amepata kifaa cha kudhibiti mwendo wa boti, na kwamba nikikubali atakileta pamoja na mizigo yake ya Idi. Boti yenyewe ni yetu watu watatu: mimi, yeye, na dada yangu ambaye ni mama yake. Ni boti ya mbao, yenye urefu wa mita tisa, inayovusha watu na bidhaa baina ya Wete na kisiwa cha Fundo. Mashine yake ni ya kupachika nyuma, yenye nguvu za farasi 40. Mbao zake kadhaa zimekwisha kubadilishwa, lakini mkuku na mataruma mengi ni yale yale niliyoyajua tangu 1993. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, uamuzi niliachiwa mimi. Nikamwambia anipe muda. Akacheka, akasema, "Mjomba, hata kijisanduku hiki nacho unataka kukitungia somo?"

Hakukosea sana. Mtu aliyefundisha walimu maisha yake yote hawezi kununua hata kufuli bila ya kuuliza limetoka wapi.

Kifaa hicho hakikubuniwa kwa ajili ya watu kama sisi. Huko ng'ambo upo mchezo wa kumvuta mtu kwa kamba nyuma ya boti, naye amesimama juu ya ubao, akiyarukia mawimbi yanayoachwa na boti ile ile inayomvuta. Asili ya mchezo huo na wa jamaa zake ni mwaka 1922, pale kijana wa Kimarekani, Ralph Samuelson, alipojifunga mbao mbili miguuni akavutwa katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota. Mchezaji anataka wimbi lisilobadilika umbo, na wimbi halitulii ila mwendo utulie. Mkono wa binadamu hauwezi kushika mwendo mmoja kwa muda mrefu. Huchoka, au hushawishika. Basi tangu miaka ya 1990 vikauzwa visanduku vinavyoongeza na kupunguza mafuta vyenyewe, na vya siku hizi hupima mwendo kwa satelaiti. Wenye boti za zamani zilizoundwa bila ya kifaa hicho hukinunua na kukifunga. Mpwa wangu alikiona huko Ghuba, na fundi mmoja alimhakikishia kuwa kinaweza kurekebishwa kifae mashine yetu, tena kiwekewe kikomo ambacho nahodha hawezi kukipita.

Hilo la kikomo ndilo alilolitaka hasa. Nahodha wetu ni kijana hodari, lakini abiria humhimiza, naye huitikia. Mbao zinalegea, pamba inatoka kwenye maungio, na kila baada ya miezi michache tunaipandisha boti pwani kuikalafati. Fedha za pamba na mafuta zinatoka Maskati. Alikuwa na haki ya kusema.

Nikakaa barazani nikayafikiri mambo haya tangu mbali. Wazee wetu walishonea vyombo vyao. Kitabu cha safari cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kinachoeleza pwani hii, kinataja kisiwa chenye vyombo vya kushona, na wapo wataalamu wanaosema kisiwa hicho ni Pemba. Mtepe, ambao ulidumu hadi mwanzoni mwa karne ya ishirini, haukuwa na msumari. Mbao zake zilifungwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mfano wake kamili uliundwa ukawekwa katika Beit al-Ajaib mjini Zanzibar. Wengi wa vijana wetu waliuona hapo kabla ya sehemu ya jengo kuporomoka mwezi wa Desemba 2020. Chombo cha namna hiyo hakilazimishwi. Hupinda kidogo na wimbi, kikarudi. Anayekiharakisha hukifumua kama nguo.

Hata majahazi ya misumari niliyoyaona utotoni, yakipakia magunia ya karafuu hapa Wete kwenda Unguja, yalikuwa na adabu hiyo. Mwendo ulitoka kwa Mungu, na nahodha alichukua sehemu yake tu. Upepo ukizidi, hulegeza demani. Ukizidi tena, hushusha foromali, akatweka tanga dogo zaidi. Nilimwona mzee mmoja akiweka kiganja juu ya taruma kama daktari anayepima homa, kisha akasema, "Kinalia," na mara tanga likashushwa. Sisi watoto hatukusikia kilio chochote.

Mwendo usiotokana na upepo ulikuja Pemba kwa kufukuzana. Manowari ya Kiingereza iitwayo London ilitia nanga Zanzibar miaka ya 1870 na ya 1880, na vijiboti vyake, vingine vya mvuke, vikizunguka visiwani kukamata majahazi yanayobeba watumwa. Mwezi wa Desemba 1881, Kapteni Brownrigg, mkuu wa manowari hiyo, alikuwa katika kijiboti cha mvuke pande hizi za Pemba alipolikaribia jahazi lenye bendera ya Kifaransa. Watu wa jahazi wakawafyatulia risasi, na kapteni akauawa. Mvuke ulimfikisha haraka pale alipotaka kufika, na haukumfaa kitu zaidi ya hapo. Nimewaeleza wanafunzi kisa hiki mara nyingi nikifundisha juu ya biashara ya watumwa. Safari hii nilikirudia kwa sababu ya boti.

Mashine za mvuke zilikuwa zimekwisha kupata kitu cha kuzizuia. Mwaka 1788 James Watt alifunga katika mashine yake mipira miwili ya chuma inayozunguka. Mashine ikienda mbio mipira hupaa na kubana mlango wa mvuke, ikizorota huteremka na kuufungua. Hakulibuni wazo hilo yeye, maana lilikuwamo tayari katika vinu vya upepo. Mafundi wetu wa jenereta hukiita kifaa hicho gavana. Sisi Zanzibar hatukupata kuwa na Gavana kama Tanganyika. Mwingereza wetu tulimwita Balozi. Lakini neno lenyewe ni la baharini. Limetoka kwenye neno la Kigiriki la mshika usukani, likapita kwa Warumi likawa mtawala, Waingereza wakalivisha kofia ya manyoya, na mwisho fundi akalifunga kwenye injini. Na "nahodha" ni la Kiajemi, maana yake bwana wa chombo. Nikajiambia: mpwa wangu anataka kuweka mabwana wawili katika boti moja.

Meli nazo ziliwekewa magavana yake, kwa sababu ninayoijua kila aliyevuka Mkondo wa Pemba wakati wa kusi. Wimbi likiinua shetri, pangaboi hutoka majini, na mashine, kwa kukosa mzigo, hupiga kelele ya kujiua. Gavana huikata pale pale. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini wimbi hilo hilo likija kwa nyuma linapotaka kukigeuza chombo ubavu, nahodha huhitaji nguvu ya ghafla, na huihitaji wakati huo, si baadaye. Kisanduku kilichofungwa kwa kikomo kitamwambia hapana.

Kuna jambo jingine, na hili niliwahi kuliandika ubaoni. Mhandisi wa Kiingereza William Froude, katika miaka ya 1870, alivuta mifano midogo ya meli ndani ya birika refu la maji huko Torquay, akapima mawimbi yake. Yapatikana humo kuwa chombo kizito kinachopasua maji hutengeneza wimbi lake mwenyewe, na wimbi hilo hurefuka kadiri mwendo unavyozidi, mpaka likalingana na urefu wa chombo. Hapo ndipo kikomo chake kilipo. Ukitia moto zaidi, chombo hujaribu kulipanda wimbi lake. Shetri huzama, omo huinuka, mafuta huteketea, na mwendo hauongezeki ila kidogo. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, uzidishe kwa 2.4. Boti yetu ni mita tisa, kipeuo chake ni tatu, basi ni maili saba na ushei za baharini kwa saa, yaani kilomita 13. Gavana wa boti yetu yumo ndani ya mbao zake tangu siku ilipoundwa. Tunachogombea ni nani wa kumsikiliza.

Nilikwisha kutomsikiliza. Mwaka 1993, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilikwenda Fundo kuwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Tulirudi kumi na wawili, katika boti hii hii, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya mtu mwingine. Nilikuwa na mkutano Unguja siku ya pili, na meli ilikuwa iondoke jioni. Nikamwambia nahodha aongeze moto. Akanijibu kwa heshima, "Mwalimu, chombo kimeshafika mwendo wake." Nikamwambia tena. Mtoto wake nilikuwa nimemsaidia kupata nafasi skuli, na sauti yangu ilikuwa sauti ya mkuu wa chuo. Akazungusha mkono wa mafuta.

Ubao wa karibu na mkuku ulitema pamba yake, na maji yakaingia ngamani kama bomba lililofunguliwa. Tulikumba kwa ndoo, kwa kofia, kwa faili la fomu za ukaguzi. Nahodha aliigeuza boti akaipandisha juu ya fungu la mchanga lililokuwa limeanza kuonekana kwa maji kupwa. Katika kurukiana, msichana mmoja asiyejua kuogelea alianguka upande wa kina. Alitolewa akiwa hana fahamu. Alizinduka, Alhamdulillahi. Lakini alirudi kwao na chuo hakukimaliza.

Mwenye boti alipomuuliza nahodha kulikoni, alijibu, "Mkono ulikuwa wangu." Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka hapo, viatu vimejaa maji, na sikusema neno. Nahodha alifukuzwa, na hakushika tena boti ya abiria hadi alipofariki. Nilipopata kiinua mgongo changu mwaka 2010, nilishawishi ndugu zangu tuinunue boti ile, na nikamwajiri mwanawe. Watu wakasema Mwalimu ana huruma.

Nilitaka kifaa cha Maskati, basi, zaidi ya alivyokitaka mpwa wangu. Kisanduku hakiogopi cheo cha mtu. Lakini nilikuwa na mashaka. Nilizikumbuka matatu za Kenya, zilizolazimishwa mwaka 2004 kufunga vidhibiti vya mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Haukupita muda mrefu madereva wengi wakajifunza kuvichezea. Nilikumbuka pia usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama njiani kuja Pemba, na Wete nzima ikawa matanga. Ile haikuuawa na mbio. Ilijazwa kupita kiasi, na hakuna gavana anayehesabu vichwa.

Nikamwita nahodha wetu nyumbani. Nilimweleza habari za kisanduku, akainamisha uso. Kwake ilikuwa sawa na kuambiwa haaminiki. Ndipo nikamweleza ya 1993, yote, pamoja na yale maneno niliyomwambia baba yake mara mbili. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa miaka zaidi ya thelathini na bado yalinitoka ovyo.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Baba alitwambia siku ile ile, Mwalimu."

Nikamuuliza, na bado alikubali kufanya kazi kwangu? Akasema baba yake hakuwakataza. Alisema tu kwamba Mwalimu alikuwa na haraka, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyejua sauti ya boti, na aliisikia, na akazungusha. Hakutaka tumgawie mtu mwingine kosa lake. Sikujua la kujibu. Mke wangu alileta kahawa, tukanywa.

Ni yeye aliyetoa shauri. Tulikwenda pwani asubuhi, bahari shwari, tukaijaribu boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida, mpaka shetri ilipoanza kuzama. Hapo akatia alama ya rangi kwenye mkono wa mafuta. Kisha akakata kijiti cha mkoko, akakifunga penye alama kwa uzi wa pamba ile ile ya kukalafatia. Mkono ukizungushwa kufika hapo, hugota. Ukizungushwa kwa nguvu, uzi hukatika na mashine hutoa nguvu zake zote. Abiria akihimiza, huoneshwa uzi. Jioni hunipitia barazani akaniambia kama uzi mzima.

Mpwa wangu hakufurahi. Alisema tumerudi zama za mtepe, akakata simu, na siku ya tatu akatuma fedha za pamba.

Kusi ya mwaka huo uzi ulikatika mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye mlango wa bahari, wimbi la nyuma, na abiria wawili walinithibitishia bila ya kuulizwa. Mara ya pili alikuwamo mama mja mzito aliyeshikwa na uchungu wakitoka Fundo. Ubao mmoja ulilegea siku hiyo, tukaukalafati. Nilikata uzi mwingine, akanishikia kijiti nikafunga.