Kukagua mchwa na wadudu wa mbao katika nyumba za Pwani

Mchwa hali mbao kwa nje. Huacha rangi na vanishi vikiwa vizuri, na ndani hamna kitu. Ndiyo maana nyumba ya mawe ya Lamu au Mji wa Kale Mombasa, ambayo dari yake imebebwa na boriti za mikoko, haikaguliwi kwa macho peke yake. Chukua tochi, bisibisi na ngazi.

Anza chini, penye unyevu: ukuta wa choo, karibu na tangi, nyuma ya kabati, miimo ya milango. Mchwa wa ardhini hawezi kuishi bila unyevu, hivyo hujenga vinjia vya udongo, vyembamba kama penseli, kutoka sakafuni hadi kwenye mbao. Ukikiona kimoja, usikifagie chote. Vunja kipande kidogo, urudi baada ya siku chache. Kikiwa kimezibwa, wamo. Kisipozibwa pia usistarehe, huenda wamepita kwengine. Na kama mlango ni wa nakshi, tafadhali dunga upande wa ndani, chini kabisa, si kwenye maua.

Boriti ndiyo kazi hasa. Pabaya ni ncha mbili zilizozama ukutani, ambako maji ya mvua yakivuja hukaa. Gonga kwa mpini wa bisibisi, kuanzia katikati ukielekea ukutani. Mti mzima hulia kwa uzito. Ulioliwa hulia kama debe tupu. Penye shaka, dunga. Bisibisi ikizama bila taabu, watu wasilale chini ya dari hiyo wala kupanda juu yake mpaka fundi aione na kuitia nguzo. Hilo si la kungoja mwisho wa mwezi.

Yuko mchwa mwengine asiyehitaji udongo. Huishi ndani ya mbao kavu yenyewe, na huweza kuingia nyumbani na kitanda au sanduku la zamani ulilonunua. Huyu hana vinjia. Dalili yake ni vinyesi vigumu kama chembe za mchanga, chini ya tundu dogo. Ukiona unga laini kama wa ngano, na matundu ya milimita 1 au 2, hao ni vidudu vingine vitoboavyo mbao. Tofauti hii ni pesa: dawa ya kumwagwa kwenye msingi haimfikii aliye ndani ya boriti.

Mvua za masika na vuli zikianza, angalia madirishani asubuhi. Mbawa za kumbikumbi zikirundikana ndani ya chumba kilicholala kimefungwa, wametoka humo humo.