Mawimbi Yasiyopitia Forodhani

Siku ya Redio Duniani, kila tarehe 13 Februari, husherehekewa kwa kutaja mitambo na waanzilishi. Huku Tororo na Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, ni heri tuwataje wapiga simu, maana wao ndio waliokijenga kibaraza hiki cha hewani.

Mwanzoni hawakuwa na nafasi. Redio ya Uganda ilianza 1954. Ya jirani ikaitwa Sauti ya Kenya mwaka 1964. Zote mbili zilisema, wananchi wakasikiliza. Mtu wa kawaida alisikia jina lake hewani kwa njia ya kadi ya salamu tu, iliyonunuliwa, ikajazwa majina ya shangazi na wajomba, ikapelekwa posta. Hata hivyo, Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka, na mawimbi ya redio hayakuwa na afisa wa uhamiaji. Februari 1976 Idi Amin alipodai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, na Desemba 1987 majeshi yalipofyatuliana risasi Busia, msikilizaji wa hapa alizipata kauli za Kampala na za Nairobi jioni ileile, kisha akaamua mwenyewe nani anaongopa. Sidhani kama mtu wa mji mkuu wowote alikuwa na bahati hiyo.

Uganda iliruhusu vituo binafsi mwishoni mwa 1993, Kenya ikafuata 1996. Tororo ikapata Rock Mambo, masafa ya 106.8, jina linalokumbusha mwamba unaoutazama mji. Dhopadhola, Ateso, Kiswahili na lugha nyingine zikaanza kupokezana maikrofoni. Ng'ambo, nchini Kenya, Mulembe FM ikazungumza na Waluhya. Kisha simu za mkononi zikaenea, na mjadala ukapata wenyewe.

Kinachovilisha vituo vya mashambani ni matangazo: ya maduka, ya mikutano, na hasa ya vifo. Marehemu wa Busia ana jamaa Uganda na Kenya, na tangazo moja huwafikia wote kabla ya mazishi. Baada ya hapo ndipo watu hubishana. Tororo wana la kwao tangu Butaleja ilipokatwa kutoka wilaya hiyo mwaka 2005: Wateso wanataka wilaya yao, Wajopadhola hawako tayari kuiachia manispaa. Mtangazaji anayeendesha mjadala huo kwa lugha ya upande mmoja lazima achunge ulimi, kwani upande wa pili unamwelewa vizuri sana. Mjadala mwingine ni wa biashara: mwaka 2021 Kenya ilizuia kuku na mayai ya Uganda, kisha mwezi Machi mahindi, haya kwa sababu ya sumukuvu. Kwa mchuuzi wa Busia hiyo si habari ya biashara ya kimataifa. Ni chakula cha jioni.

Serikali nazo zimejua nguvu ya kibaraza hiki. Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba 2007, fujo za uchaguzi zilipopamba moto. Septemba 2009, baada ya ghasia za Buganda, Uganda ikafunga ebimeeza, mijadala ya hadharani iliyokuwa ikirushwa redioni. Wakuu wa wilaya wa Uganda, maarufu kama RDC, wao hutengewa muda wa bure vituoni. Lakini marufuku za nchi moja hazikuvuka mpaka; aliyenyimwa mjadala huku aliweza kuzungusha kitufe na kuusikiliza wa kule.

Kusini mwa kaunti ya Busia, Budalang'i, kuna aina nyingine ya kituo: Bulala FM, redio ya jamii iliyoanzishwa kwa msaada wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Mto Nzoia umevunja kingo pale mara nyingi. Mvua ikinyesha sana huko juu, watangazaji huitafsiri tahadhari ya wataalamu kwa lugha ya wenyeji, na wasikilizaji hupiga simu kueleza maji yamefika wapi na ni mifugo ya nani ambayo bado haijahamishwa.