Kilomita 2.7 zilizorefuka

Ninapofundisha historia ya usafiri huandika ubaoni namba mbili: kilomita 2.7 na dakika mbili. Huo ndio umbali, na huo ndio muda uliopangwa kwenye ratiba, wa safari ya ndege kati ya Westray na Papa Westray, visiwa viwili vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti. Rubani mmoja, upepo ukimsukuma, aliwahi kuimaliza kwa sekunde 53. Darasa hucheka. Njia kuu ya kurukia ndege pale Dar es Salaam ina mita 3,000. Safari yote ingekwisha lami ikiwa bado inaendelea. Kisha huja swali ninalolingoja: kwa nini wasipande mashua?

Mashua ipo. Ila ndege ile haikuwekwa kwa ajili ya dakika mbili. Hutoka Kirkwall, mji mkuu wa Orkney, kwenye hospitali, ofisi na sekondari ya juu, ikapita kisiwa hadi kisiwa kama daladala, ikiwa na nafasi za abiria wapatao wanane. Kipande kile kifupi ni kituo kimoja tu njiani. Papa Westray ina wakazi wasiofikia mia moja.

Linalonivutia mimi ni historia yake. Mwaka 1933 Kapteni E. E. Fresson, rubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alianzisha safari za ndege kutoka Inverness hadi Kirkwall. Tarehe 29 Mei 1934 njia hiyo ikawa ya kwanza kubeba barua za kawaida za ndani ya Uingereza kwa ndege, na muda si mrefu ndege zake zikawa zinatua kwenye malisho ya ng'ombe ya visiwa vidogo. Ikaja vita ya 1939, safari za visiwani zikasimama. Vita ikaisha, hazikurudi.

Mwaka 1947 shirika la ndege la serikali lilimeza kampuni za Uskoti. Wenzangu tunaoamini umiliki wa umma (nami nimo) tusipite hapa kwa haraka. Shirika liliendelea kwenda Kirkwall, maana Kirkwall ilionekana kwenye vitabu vya hesabu. Visiwa vidogo havikuonekana. Safari zilirejea mwaka 1967, zikiletwa na kampuni binafsi, Loganair.

Kwa hiyo mkazi wa Papa Westray wa mwaka 1960 alikuwa mbali zaidi na daktari kuliko mzazi wake wa mwaka 1938. Bahari haikupanuka hata hatua moja.

Hata hivyo, anayetaka kuhitimisha kwamba soko ndilo lililookoa visiwa asiwe na pupa pia. Leo njia hiyo huendeshwa kwa mkataba wa huduma ya umma, na halmashauri ya Orkney hutoa ruzuku kufidia pengo ambalo nauli haiwezi kuliziba. Kampuni huruka, umma hulipa, tena kwa mkataba unaotaja ni visiwa gani lazima vifikiwe.

Mwanafunzi mmoja, mtumishi wa serikali anayesoma jioni, aliniuliza ruzuku hiyo kwa kila abiria ni kiasi gani. Nilimwomba kwanza akokotoe gharama ya miaka 28 bila ndege, kuanzia 1939 hadi 1967, kisha aniambie ameiandika kwenye kasma ipi.