Kiduha: ua zuri, adui wa ghala

Juma hili, msikilizaji, nazungumzia gugu ambalo mgeni akiliona anaweza kulichuma akalitia kwenye chombo cha maua. Kanda ya Ziwa tunaliita kiduha. Kwa Wajaluo ni kayongo.

Utotoni nilitumwa shambani kwa bibi kuling'oa likiwa limekwisha kuchanua. Nilijiona mchapakazi. Kumbe kiduha huanza kunyonya mizizi ya mahindi chini ya udongo, wiki kadhaa kabla hakijachomoza. Isitoshe, ile miche tuliyoitupa pembeni ilibaki na mbegu zake, ndogo kama vumbi. Mche mmoja huweza kutoa mbegu makumi ya maelfu, nazo hukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Bibi aliwashuku majirani kwa uchawi, kisha akaacha mahindi akapanda mihogo, ambayo kiduha hakiiwezi.

Mbegu hizo hazioti mpaka zipate kemikali inayotoka kwenye mizizi. Wamarekani, waliolikuta gugu hili mwaka 1956 katika majimbo ya North Carolina na South Carolina, waliitumia siri hiyo. Waliweka karantini, wakaingiza gesi ya ethilini ardhini, mbegu zikaota pasipo mahindi, zikafa kwa njaa. Mbinu safi, lakini ya tajiri. Bibi angeipata wapi gesi?

Jibu la maskini lilipatikana kwa bahati huko Mbita, Kenya, katika miaka ya 1990. Watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE, akiwemo Zeyaur Khan, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walikuwa wakipambana na funza wa mabua. Walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi ili kuwafukuza nondo, na majani ya tembo pembezoni ili kuwavuta. Wakaona kiduha nacho kinatoweka! Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu, kisha huzizuia zisishike mzizi wa mahindi. Na mimea yote miwili hukatwa ikalishwa ng'ombe.

Lakini desmodiamu ni ya kudumu miaka. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja atampandia nani?

Shamba la bibi lingali na mihogo. Mjomba anafuga ng'ombe wawili palepale, na majani yao huyanunua.