Chumba cha Nzi na Uzi Ukatikao

Katika jengo la Schermerhorn la Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, kilikuwako mwanzoni mwa karne ya 20 chumba kimoja kidogo, nambari 613, chenye urefu wa futi 23 na upana wa futi 16, ambamo meza nane zilisongamana, na juu ya meza hizo zilipangwa chupa za maziwa kwa mamia, kila chupa ikiwa na ndizi zilizopondwa, na ndani yake kundi la nzi wadogo wa matunda ambao mtu kwa desturi huwafukuza jikoni bila ya kuwatazama mara ya pili. Watu wa chuo walikiita Chumba cha Nzi. Waliokaa humo hawakuwa wakitafuta dawa ya maradhi yoyote. Walitaka kujua tu ni kwa njia gani sifa za wazazi huwafikia watoto, na katika kuitafuta njia hiyo wakaangukia jambo ambalo leo madaktari wa saratani hulitegemea, yaani kwamba nyuzi za urithi zilizo jozi, uzi mmoja wa baba na mmoja wa mama, hukatika na kubadilishana vipande; na baadaye ikajulikana kwamba uwezo huo huo wa kubadilishana ndio unaoiponya chembe hai inapojeruhiwa.

Mwenye chumba alikuwa Thomas Hunt Morgan, mzaliwa wa Kentucky wa mwaka 1866, aliyefika Columbia mwaka 1904. Hakuwa mfuasi wa kanuni za urithi za Mendel. Kinyume chake alikuwa mwenye shaka, akidai ithibati kwa kila neno, na shaka hiyo naihesabu kuwa fadhila yake kubwa, kwa sababu mtu aliyekwisha kuamini hakosi kuona alichokitarajia. Mwaka 1910 alimpata katika chupa zake nzi dume mmoja mwenye macho meupe, ilhali macho ya nzi wa aina hiyo ni mekundu. Akamzalisha, kisha akazalisha watoto wake wao kwa wao, akahesabu wajukuu mmoja mmoja: majike 2,459, wote wenye macho mekundu, madume 1,011 wenye macho mekundu, na madume 782 wenye macho meupe. Jike mwenye macho meupe katika wajukuu hao hakuonekana hata mmoja. Hapo Morgan, aliyekuwa akikataa kwamba kromosomu, yaani zile nyuzi za urithi, ndizo zinazobeba sifa, akalazimishwa na hesabu yake mwenyewe kukiri kwamba sifa ya macho imefungamana na kromosomu ile inayohusika na uke na uume.

Lakini jawabu hilo lilizaa swali jingine. Ikiwa sifa nyingi zimebebwa na kromosomu moja, basi ingepasa ziende pamoja daima, wala zisitengane kizazi hata kizazi. Na tayari mwaka 1905 kule Cambridge, Uingereza, William Bateson na wenzake walikuwa wameona katika maua ya njegere-tamu kwamba rangi ya ua na umbo la chavua huandamana mara nyingi, ila si mara zote. Nzi wa Morgan nao walifanya vivyo hivyo. Fununu ya sababu ilitoka Ubelgiji, kwa padri Frans Alfons Janssens wa Leuven, ambaye mwaka 1909, baada ya kuzichungua kwa hadubini chembe za uzazi za jamii ya salamanda, alieleza kwamba kromosomu mbili zilizo jozi hupandana kama msalaba, na kwamba penye msalaba huo huenda zikakatika na kuungana upya, hii ikichukua kipande cha ile. Morgan aliisoma hoja hiyo, na mwaka 1911 akaitangaza kuwa ndiyo maana ya hesabu zake: sifa zilizo karibu katika uzi hazitengani ila kwa nadra, na zilizo mbali hutengana mara kwa mara, kwa kuwa nafasi ya kukatika baina yake ni kubwa zaidi.

Sasa namtaja kijana ambaye, kwa maoni yangu, ndiye aliyeitia roho kazi ya chumba kile. Alfred Sturtevant alilelewa shambani Alabama, akazoea tangu utotoni kuandika nasaba za farasi wa nyumbani kwao, na alipokuwa mwanafunzi alimpelekea Morgan makala juu ya urithi wa rangi za farasi. Morgan akampa meza, ijapokuwa macho ya kijana huyo hayakuweza kupambanua vyema rangi nyekundu na ya kijani. Siku moja mwishoni mwa mwaka 1911, katika mazungumzo na mwalimu wake, ilimjia ghafula kwamba kama masafa ndiyo yanayoamua ni mara ngapi sifa mbili zitatengana, basi mtu aweza kuigeuza hesabu kinyume, akayapima masafa kwa kuhesabu matengano. Akaenda nyumbani, akaacha masomo ya darasa ambayo ilimpasa kuyafanya, akakesha sehemu kubwa ya usiku, na kulipokucha alikuwa na ramani ya kwanza ya jeni iliyopata kuchorwa duniani, yenye jeni za mwili wa njano, macho meupe, macho ya rangi ya zinjifuri, mbawa ndogo na mbawa duni, zimepangwa katika mstari mmoja kwa vipimo: kutoka mwili wa njano hadi macho meupe sehemu 1 katika 100, hadi macho ya zinjifuri 30.7, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Ramani ikachapishwa mwaka 1913. Jeni hakuna aliyepata kuiona, wala hakuna aliyejua imefanywa kwa kitu gani, na hata hivyo mahali pake palijulikana kwa sababu watu walikuwa na saburi ya kuhesabu nzi.

Wengine chumbani walikuwa Calvin Bridges, aliyeajiriwa aoshe chupa, kisha akapandishwa baada ya kumtambua nzi mwenye macho ya zinjifuri kupitia kioo kinene cha chupa yenyewe, na Hermann Muller, ambaye baadaye, mwaka 1927, alionyesha kwamba mionzi ya eksirei huzigeuza jeni. Bateson aliipinga hoja ya kromosomu kwa miaka mingi, hata alipozuru Marekani mwaka 1921 akayaona mambo kwa macho yake, ndipo akakiri hadharani. Morgan alihamia California mwaka 1928, na alipopewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1933 aliigawa fedha yake pamoja na watoto wa Bridges na wa Sturtevant, tendo ambalo katika historia ya elimu ni adimu na lastahili kukumbukwa.

Ilibaki ithibati ya macho, maana yote hayo yalikuwa hesabu. Ithibati hiyo ilitolewa mwaka 1931 na wanawake wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Barbara McClintock na mwanafunzi Harriet Creighton, nao hawakutumia nzi bali mahindi. Walichagua mmea ambao kromosomu yake ya 9 ilikuwa na kifundo katika ncha moja na kipande cha ziada, kilichotoka kwa kromosomu nyingine, katika ncha ya pili, hata ikawa yatambulikana kwa hadubini. Kisha wakafuatilia punje zenye rangi na zisizo na rangi, zenye nta na zisizo nta. Kila sifa zilipobadilishana, alama za kromosomu nazo zilikuwa zimebadilishana. Morgan, alipozuru Cornell, aliwahimiza wachapishe bila kukawia, na mwaka ule ule Curt Stern wa Berlin akatoa ithibati ya namna hiyo hiyo kwa nzi.

Basi kwa miaka thelathini iliyofuata wataalamu walifundisha kwamba mabadilishano hayo, ambayo jina lake la kitaalamu ni rikombinesheni homologasi, yamewekwa ili watoto wasifanane kabisa na wazazi. Hilo si uongo. Lakini lilikuwa nusu ya habari, na nusu iliyosalia ilikuja kwa njia ya viumbe vidogo kuliko nzi. Mwaka 1965, huko Berkeley, A. J. Clark na Ann Dee Margulies walitafuta bakteria wasioweza kabisa kubadilishana vipande vya DNA, yaani kile ambacho jeni zimefanywa kwacho, wakawapata, na walipowaangazia mionzi ya urujuanimno wakaona kwamba bakteria hao walikufa upesi kuliko wenzao. Asiyeweza kubadilishana alikuwa pia hawezi kujiponya. Kadhalika Robin Holliday, Mwingereza aliyekuwa akichunguza kuvu la fugwe linaloharibu mahindi, na ambaye mwaka 1964 alichora umbo la msalaba wa nyuzi za DNA ambao hadi leo waitwa kwa jina lake, alipata katika kuvu hilo aina zilizodhoofika kwa mionzi na kupungukiwa na uwezo wa kubadilishana.

Maana ya jambo hilo yaeleweka ukizingatia hatari ya uzi wa DNA kukatika pande zote mbili, kwa mionzi au kwa ajali ya chembe yenyewe inapojinakili. Katika mkato wa namna hiyo hakuna upande uliosalimika wa kuonyesha kilichopotea. Na kama chembe itaziunga ncha mbili ovyo, herufi kadhaa huenda zikapotea. Ila ipo nakala ya pili. Kama mwandishi wa mji wa Siyu aliyekuta mchwa wamekula ukurasa wa msahafu, akaufungua msahafu mwingine mahali pale pale na kunakili aya zilizoliwa, ndivyo uzi uliokatika unavyomtafuta mwenzake mwenye maneno yale yale, ukajipenyeza ndani yake, ukajaza pengo kwa kumfuata, kisha ukajitoa. Habari hii ilipangwa kwa utaratibu mwaka 1983 na Jack Szostak, Terry Orr-Weaver, Rodney Rothstein na Franklin Stahl, kutokana na kazi ya hamira. Na mwaka 1997 ikathibitika jambo linalonistaajabisha kuliko yote, kwamba chembe za uzazi huzikata kromosomu zao makusudi, kwa protini iitwayo Spo11, ili ufundi wa kuponya uamshwe na mabadilishano yafanyike. Kwa hukumu yangu uponyaji ndio asili, na mabadilishano aliyoyahesabu Morgan ni tawi lake.

Hapa Afrika ya Mashariki tumeonja uchungu wa ufundi huo ukiwa mikononi mwa adui. Kimelea cha malale, ambacho David Bruce na wenzake walikihusisha na ugonjwa huo kule Entebbe mwaka 1903, wakati watu wa kando ya Ziwa Viktoria walipokuwa wakifa maelfu kwa maelfu, hujivika joho la protini ambalo damu ya mgonjwa hujifunza kulishambulia. Na kabla halijashambuliwa likaisha, wachache katika vimelea hivyo hunakili jeni nyingine kutoka katika akiba kubwa waliyonayo na kuiweka mahali pa ile ya kwanza, kwa njia ile ile ya rikombinesheni, wakatokea na joho jipya. Maabara ya kimataifa ya maradhi ya mifugo iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1973 ilishughulika sana na vimelea hivyo, na mpaka sasa chanjo haijapatikana.

Nasi wenyewe tukiukosa ufundi huo twadhurika. Mwaka 1990 Mary-Claire King wa Berkeley, kwa kufuata nasaba za jamaa zilizoandamwa na saratani ya matiti na kuhesabu ni sifa zipi zilizotengana na zipi zilizoandamana, yaani kwa hesabu ya Sturtevant, alipatangaza mahali pa jeni BRCA1 katika kromosomu ya 17. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1994, na mwenzake BRCA2 mwaka 1995, na haukupita muda ikadhihirika kwamba zote mbili ni watumishi wa uponyaji wa uzi uliokatika. Kazi yao ikipotea, chembe hukusanya makosa hata ikawa saratani. Lakini udhaifu huo huo hutumiwa na dawa kama olaparib, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2014, ambayo huizuia njia nyingine ya matengenezo, na hivyo chembe ya saratani ikakosa pa kushika.

Basi msomaji ambaye ukoo wake umepotewa na wanawake kadhaa kwa saratani ya matiti au ya ovari, hasa waliougua kabla ya umri wa miaka 50, namwomba akae na wazee waiandike nasaba yao, upande wa baba na upande wa mama pia, maana jeni hizi hupitia kwa mwanamume kama zipitiavyo kwa mwanamke, kisha waipeleke karatasi hiyo kwa daktari.