Kitanzi cha Sauti: Istilahi na Hoja Yake

Wapiga vinanda wengi wa Kenya, wakimaanisha kipande cha sauti kinachozunguka bila kukoma ndani ya sinthesaiza, husema "lupu". Wanaoandika Kiswahili huhangaika kati ya marudio, mzunguko na kitanzi. Mimi natetea kitanzi, na sababu yangu inatoka ndani ya chombo chenyewe. Anayerudia ubeti katika kwaya ya mji wa Elburgon huvuta pumzi upya na kuimba upya, na ubeti wa pili hauwi kamwe nakala kamili ya wa kwanza. Sampla, yaani chombo kinachorekodi sauti na kuipiga kwa vibonye, haiimbi upya. Inashika mwisho wa kipande cha sauti na kuufunga kwenye sehemu iliyotangulia, kisha inazunguka humo mradi kidole kiko juu ya kibonye. Anayetaka jina la kazi hiyo hana budi kutafuta neno lenye kufunga ndani yake.

Tuchukue jina la Molo, mji ulio jirani na Elburgon. Mwanamke analiimba akivuta irabu ya mwisho kwa hezi 220. Sampla inayopima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kiwango kilekile cha CD, itatumia takriban vipimo 200 kwa kila wimbi la irabu hiyo. Mwenye chombo huweka alama nne: mwanzo na mwisho wa kipande kizima, na ndani yake mwanzo na mwisho wa kitanzi. Kibonye kikibonyezwa, chombo husoma m, o, l, kikaingia kwenye o ya pili. Kikigusa alama ya mwisho wa kitanzi, hurukia alama ya mwanzo wake, tena na tena. Kazi ngumu yote iko hapo kwenye fundo, pale mwisho wa kitanzi unapoungana na mwanzo wake. Wimbi likikatwa likiwa juu na kuungwa mahali lilipo chini, spika hutoa mlio wa "tak" kila mara fundo linapopita. Ndiyo maana hutafutwa pahali ambapo wimbi linavuka sifuri, na pande zote mbili za fundo lazima livuke likielekea upande mmoja. Hata hivyo haitoshi. Sauti ya mwimbaji hutetema mara tano au sita hivi kwa sekunde, na wimbi moja likifungwa peke yake, o ya mwanamke yule hugeuka mvumo usio na mtu ndani yake. Kitanzi kikirefushwa hadi kibebe mitetemo mizima, mtu hurudi. Na pale fundo linapokataa kufichika, chombo hutumia kile ninachopendekeza kiitwe mfifio wa kupishana: sauti ya mwisho inashushwa polepole huku ile ya mwanzo ikipandishwa, mpaka sikio likose kujua ni wapi moja ilimpisha mwenzake.

Hapo ndipo lugha zinazosemwa Molo zinapoingia, maana si kila sauti inafungika. Silabi za Kikuyu huishia na irabu, na nyingi za Kiswahili pia, kwa hiyo karibu kila silabi ya mwimbaji wa lugha hizo ina mahali pa kufungia. Kikalenjin kina maneno mengi yanayofungwa na konsonanti. Hebu tamka Kapkatet, jina la kituo cha biashara kilicho ng'ambo ya msitu wa Mau, upande wa Kericho. Ile t ya mwisho ni pumzi inayozuiwa kisha kuachiliwa. Hutokea mara moja ikaisha. Ukijaribu kuifunga utapata ngoma, hutapata sauti ya mtu. Mtaalamu hufunga kwenye e iliyotangulia na kuiacha t nje ya kitanzi, isikike kidole kinapoinuka. Konsonanti za puani, m na n, zina huruma zaidi, kwa sababu zinaweza kuvutwa kama mgumio.

Kapkatet sikuitaja ovyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi hapo wasichana wa Kipsigis, jamii mojawapo ya Wakalenjin, wakiimba juu ya Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefika kwao kwa sahani za gramafoni, likiwa limelainishwa na ulimi wa Kipsigis na kupewa irabu ya mwisho. Wimbo huo ukajulikana duniani kote kupitia rekodi za Tracey, na kufikia 2015 rekodi zilikuwa zimekwisha kupelekwa tena kwa wazee wa Kapkatet. Sahani iliyomleta Rodgers huko ina uhusiano wa karibu na hoja yetu. Pierre Schaeffer, mtunzi Mfaransa, akifanya kazi Paris mwaka 1948, alitumia sahani ambazo mfereji wake umefungwa ukawa duara, ili sindano isiendelee mbele. Kwa mizunguko 78 kwa dakika, kila duru ilichukua kama sekunde 0.77. Kabla yake, mwaka 1944, mtunzi Mmisri Halim El-Dabh alikuwa amerekodi Cairo, kwa mashine ya kunasa sauti kwenye waya, nyimbo za wanawake katika zari, sherehe ya kutuliza pepo, akazigeuza kwa vifaa vya studio mpaka zikawa kitu kipya. Mtu asije akatuambia kwamba ufundi huu Mwafrika aliukuta umekwisha kupikwa. Baadaye zikaja tepu za sumaku, nazo zilikatwa kwa wembe, zikaunganishwa ncha kwa ncha, zikazungushwa kwenye mashine. Hicho kilikuwa kitanzi cha kushikika mkononi. Kumbukumbu za kidijitali zilipoingia, nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba kufunga sauti kulikuwa lazima: kinanda cha Casio SK-1 cha 1986, kimojawapo cha vya kwanza vya bei ya chini vilivyoweza kurekodi sauti, kilishika sekunde 1.4 tu.

Pingamizi kubwa ni kwamba kitanzi kinanuka kifo. Msomaji wa magazeti ya Kenya hukutana na neno hilo kwenye habari za watu waliojitoa uhai, na mwalimu wa muziki anaweza kusita kuliandika ubaoni. Naukubali uzito huo, lakini siukubali kuwa hukumu. Kitanzi pia ni kile kilicho kwenye nguo kinachopokea kifungo, na kile cha mtego wa ndege. Neno hubeba maana ya jirani zake, na likisimama karibu na sauti, irabu na fundo, halimpeleki mtu kwenye mti. Wengine watasema lupu imekwisha kukubalika, tuiache. Sina ugomvi nayo mdomoni. Kiswahili kimemeza mengi kuliko hilo. Ila lupu haizai. Ukisema kitanzi, vitenzi vyake vinakuja vyenyewe: unakifunga, unakikaza, unakilegeza, unasogeza fundo, unakifungua. Kila kimoja ni kazi halisi yenye kitufe au kirungu chake kwenye chombo.

Na kukaza ndiko kunakoyaangusha marudio kabisa. Kitanzi cha nusu sekunde husikika kikirudi. Kikaze hadi kizunguke mara ishirini kwa sekunde na zaidi, na sikio linaacha kuhesabu; linasikia toni moja. Vile vipimo 200 vya irabu ya Molo vikizungushwa peke yake hutoa hezi 220, wala hakuna msikilizaji atakayesema anasikia kitu kikirudiwa. Kitu ni kilekile na kazi ni ileile, bali marudio hayapo. Mzunguko unaliweza jambo hilo kwa sehemu, lakini mawimbi yenyewe nayo tunayaita mizunguko tunapohesabu hezi, na istilahi moja ikibeba mambo mawili katika sentensi moja, mwanafunzi ndiye anayeumia.

Kuna neno la pili la kurekebisha: sampuli. Tunalitumia kwa udongo na damu, kwa maana ya kidogo kinachowakilisha kingi. Linafaa kwa kile kipimo kimoja kati ya 44,100. Halifai kwa kipande cha wimbo, kwa kuwa hakiwakilishi chochote. Kimechaguliwa kwa uzuri wake na kuchukuliwa kutoka kwa mwenyewe. Hicho ni dondoo, na kudondoa humfanya msomaji aulize limetoka wapi. Swali hilo si la adabu tu. Kenya ina sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya kijadi na semi za utamaduni, na wimbo wa Waogiek, jamii ya msitu wa Mau, wa Mariashoni haugeuki mali ya mtu kwa kuwa ameufunga kwenye sinthesaiza. KMRU, msanii wa sauti kutoka Nairobi, alijenga albamu yake ya 2022, Temporary Stored, kwa rekodi za kumbukumbu za jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na kazi nzima inasimama juu ya swali hilohilo la nani anashikilia sauti za nani. Kwa upande wa Dar es Salaam, watayarishaji wa singeli, muziki wa kasi wa jiji hilo, hukaza vipande mpaka mapigo yavuke 200 kwa dakika, na sauti ya mtu mzima ikawa ya mtoto, maana kusoma kipande kwa kasi maradufu hupandisha sauti oktava nzima na kufupisha kitanzi kwa nusu. Waimbaji waliodondolewa humo wangestahili kutajwa kuliko wanavyotajwa.

Basi walimu wa muziki na wahariri wa kamusi wafanye hivi: sampuli iwe kipimo, dondoo liwe kipande kilichochukuliwa kutoka kwa mwimbaji, kitanzi kiwe dondoo lililofungwa, na fundo liwe mahali lilipofungwa. Anayependelea lupu aendelee kuitamka, ila akiandika kitabu cha mafunzo aonyeshe fundo liko wapi.